Vita Nilivyovijenga Juu ya Mlango

Kuna harufu moja ambayo nikiikuta popote nasimama, hata kama nina haraka zangu: harufu ya gundi ya unga wa muhogo iliyolala siku mbili ikaanza kuchacha. Juzi niliikuta mjini Arua, kwenye ukuta unaotazamana na soko, mama mmoja akibandika matangazo ya mkutano wa injili. Alikuwa na debe la gundi miguuni na kifagio cha nyasi mkononi. Anapaka, anabandika, anapiga kofi, anasogea. Nikasimama katikati ya njia. Boda boda wakanipigia honi, na mmoja akapita akiniuliza, "Mama, umepotea?" Sikuwa nimepotea. Nilikuwa kijijini Dranya, nina miaka kumi na miwili, nimepiga magoti nyuma ya jiko la bibi yangu, nimebana pumzi, nabandika gurudumu la lori la jeshi.

Wasichana wa rika langu walikuwa wakipikiana ugali wa mchanga na kuozana wanasesere wa mabunzi ya mahindi. Mimi nilijenga vita. Siku hizi nimekuja kujua kwamba huko duniani wapo watu wazima, wenye mishahara na vipara vyao, wanaonunua vifaru na askari wadogo kwenye maboksi, pamoja na gundi yake na rangi zake, wakakaa mezani mwezi mzima wakipanga pambano moja. Mwanangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu miaka yote hiyo nilidhani ule ulikuwa wazimu wangu peke yangu.

Tulikuwa tumerudi kutoka Zaire baada ya karibu miaka saba ya ukimbizi. Tulipovuka mpaka kwenda kule tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Tulirudi wawili. Kikakwa changu, lugha ya kwetu, kilikuwa kimeingiwa na Kilingala, na kila nilipofungua mdomo darasani, watoto walianza kucheza dansi ya Kikongo chini ya madawati. Waliniita Mzaire. Baada ya wiki chache niliona ni afadhali kunyamaza, na mtoto anayenyamaza watu humzoea upesi sana. Hata mwalimu akanisahau.

Nyumba yetu ya Koboko mjini tuliikuta imebaki kuta. Mabati yalikwenda, madirisha yalikwenda, hata misumari iling'olewa. Kilichobaki ni mlango mmoja wa mvule uliolala kwenye nyasi, mzito kiasi kwamba nadhani wezi walichoka nao. Mama na baba mdogo Khamis, mdogo wake baba, waliufunga kwenye baiskeli wakausukuma hadi Dranya, kwa mama yake baba, ambaye sisi tulimwita Haboba kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Ulipofika hapakuwa na kibanda chenye nafasi ya kuuingiza. Haboba akauzunguka, akaupigapiga kwa fimbo, akasema, "Mumeleta mulango. Sasa nyumba yake iko wapi?" Ukawekwa juu ya matofali nyuma ya jiko, chini ya upenu, na hapo ndipo nilipouchukua ukawa wangu.

Lazima niwaeleze habari ya baba, kwa sababu yote yalikuwa ya baba. Alikuwa dereva wa jeshi, jina lake Rajabu, mrefu, na kwa maelezo ya kila mtu alikuwa mcheshi. Siku watu wa Koboko walipokimbia vita, alichukua lori akawa anabeba familia kuzipeleka hadi kwenye kijito cha mpakani, mahali ambapo gari halivuki na watu walishuka wakaendelea kwa miguu. Safari ya kwanza alibeba wagonjwa na wazee. Ya pili alitubeba sisi. Akatushusha, akageuza lori kwenda kuchukua watu wa safari ya tatu. Mama alikaa ng'ambo ya kijito mpaka jua likazama. Lori halikurudi, dereva hakurudi, na tangu siku ile hakupatikana mtu aliyeweza kusema, "Mimi nilimwona hapa, yakamkuta haya."

Nilikuwa na miaka mitano, nimefungwa mgongoni kwa mama ingawa nilikuwa mkubwa, kwa sababu nilikuwa na homa; mdogo wangu alikuwa kifuani. Ninachokumbuka cha siku ile ni mgongo. Kitambaa cha kanga yake kilikuwa na jasho, na kilinikwaruza shavu. Sikuona kijito, sikuona lori, wala sikumwona baba akigeuka. Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililonitesa baadaye.

Sasa kwa sheria yetu Waislamu, mke aliyefiwa hukaa eda, miezi minne na siku kumi, kisha maisha yake yanaendelea. Lakini mke wa mtu aliyepotea hakai eda. Anakaa tu. Mama alikuwa na kaka yake Arua aliyemwita mara mbili aende wakafanye kazi ya cherehani pamoja, na mara zote mbili Haboba alisema mke wa mwanawe haondoki kabla mwanawe hajarudi. Kila jioni mama alipakua sahani ya baba, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kinu. Asubuhi nilikula mimi. Nimekuzwa na viporo vya baba yangu, na huwa nikisema hivyo watu wanacheka, lakini ni kweli tupu.

Hakuna aliyeniambia lolote. Ukiuliza, unaambiwa nenda kachote maji. Basi nikaamua kuijenga siku ile mimi mwenyewe, juu ya mlango, jinsi ilivyokuwa, kila mtu mahali pake. Kwa akili yangu ya mtoto niliona kwamba nikipanga vitu vyote sawasawa, bila kukosea hata kimoja, nitaona palipobaki wazi, na hapo ndipo baba alipo.

Kipimo changu kilikuwa njiti ya kiberiti. Njiti nzima ilikuwa mwanamume, njiti iliyokatwa kidogo ilikuwa mwanamke, nusu ilikuwa mtoto. Ukishakubali hivyo, dunia nzima inabidi ikufuate. Nilimpima baba mdogo Khamis kwa kamba, nikapima mlango wa jiko, nikapima mwembe wa shule kwa kivuli chake, nikavigawa vyote kwa njiti. Lori nililikata kwenye makopo ya samaki kwa kisu cha Haboba, na nikapigwa kwa ajili ya kisu hicho. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya soda viwili viwili, vimejazwa udongo wa kichuguu. Maganda ya risasi yalikuwa tele siku zile, unalima mihogo unayafukua. Niliyapasua nikatengeneza madebe na sufuria. Rangi ya sare nilipata kwa kuponda majani ya muhogo, yakikauka yanaacha kijani na kuwa kaki, sawa kabisa na nguo za baba zilizokuwa sandukuni. Barabara ilikuwa unga wa tofali, na maji ya kijito yalikuwa buluu ya kufulia iliyokorogwa na majivu, kwa kuwa maji ya kwetu hayajawahi kuwa ya buluu.

Watu nao niliwatengeneza kwa kuzungushia udongo kwenye njiti. Hapo nikaingia matatani na Maalimu wa madrasa, aliyepita siku moja akawaona wamejipanga. Alisema nyumba yenye sanamu malaika hawaingii. Haboba, ambaye hakumpenda Maalimu kwa sababu za zamani, alimjibu kwamba malaika gani anaingia kupitia nyuma ya jiko. Walibishana, chai ikaletwa, na mwisho Maalimu akatoa hukumu kwamba kitu kisicho na macho hakina roho, basi si sanamu, ni udongo. Kwa hiyo watu wangu wote hawakuwa na nyuso. Ilinibidi niwatambulishe kwa migongo na mizigo yao, na kwa kweli hivyo ndivyo mtu anavyowajua watu wanaokimbia.

Wa kwanza kunirekebisha alikuwa Mzee Lemi, fundi cherehani, jirani yetu Mkristo aliyevuka kijito siku ile ile. Alikuja kuomba moto wa kuwashia pasi, akachungulia, akaweka pasi chini.

"Hapana, mama," aliniambia. Huko kwetu hata mtoto wa kike anaitwa mama. "Hii lori hapana simama hapa. Ilikuwa huku, nyuma ya ile muti kubwa. Na mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha njiti moja kati ya nyingi.

"Mimi nilibeba cherehani kwa kichwa. Cherehani yangu iko wapi?"

Ikabidi nitengeneze cherehani. Nilitumia siku tatu na kipande cha ganda la risasi, na alipoiona kichwani mwa njiti yake alicheka mpaka akakaa chini, halafu akawa hacheki tena, akaondoka bila moto wake. Kesho yake akaja na mwenzake. Baada ya hapo wakawa wanakuja mmoja mmoja, watu wazima wa Dranya na wa Koboko, wanasimama na mikono nyuma. Mmoja anasema malori yalikuwa mawili, mwingine anaapa ni moja tu. Muuza samaki mmoja alilalamika kwamba mzigo wake nimeufanya mdogo. Wallahi, hakuna aliyekimbia siku ile na mzigo mdogo, wote walikuwa wamebeba nyumba nzima! Nilibomoa, nikahamisha, nikajenga upya. Mti ulihama mara nne. Walizungumza na mlango, hawakuzungumza na mimi. Wakimaliza kusahihisha wanakwenda zao, na mimi nabaki na njiti zangu na nzi.

Mama peke yake hakuwahi kusogea. Alipita na ndoo, alipita na kuni, uso mbele. Niliumia sana kwa hilo. Nilikuwa nimemtengeneza vizuri kuliko wote, na mtoto mgongoni, na kanga yake nimeipaka maji ya mabua mekundu ya mtama, na hakutazama.

Baba nilimwacha wa mwisho. Njiti yake niliichagua kwenye viberiti vitatu ili iwe imenyooka. Nilimpaka kaki mara mbili. Alipokauka nikamshika kwa vidole viwili, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sina pa kumweka. Kila mtu alikuwa ameshanisahihishia mahali pake, lakini hakuna aliyenisahihishia pa baba. Nikajikaza nikamfuata mama aliyekuwa akipepeta simsim.

"Mama, baba nimuweke wapi?"

Ungo ulisimama. "Weka tu," alisema, bila kugeuka.

Nikamweka ukingoni kabisa mwa mlango, barabara inapoishia, amesimama peke yake, kwa sababu huko hakuna aliyeweza kuniambia nimekosea. Alikaa hapo wiki mbili au tatu. Kila nikitoka shule nilimwangalia kwanza yeye. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na ufa mdogo tangu siku ya kukauka, na niliogopa kuugusa.

Asubuhi moja ya siku isiyo ya shule nilitoka nikamkuta amelala. Hakuwa tena ukingoni. Alikuwa amelala chali kando ya barabara, karibu na kijito, mguu wa kushoto umekatika. Nilidhani ni mbuzi wa Haboba, au upepo, au ule ufa wangu niliouogopa. Sikupata hata nafasi ya kumwinua, kwa sababu nilisikia salamu uani na baba mdogo Khamis akaingia na Maalimu pamoja na wazee wawili wa ukoo. Mjomba wa Arua alikuwa ameita mara ya tatu, na safari hii walikuja kulimaliza suala la mama.

Viti viliwekwa nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha asubuhi, karibu na mlango wangu. Kwa hiyo waliona. Baba mdogo Khamis ndiye aliyeona kwanza. Alisimama, akainama juu ya mlango, akatazama mti, lori, cherehani ya Mzee Lemi, kijito. Halafu akamtazama yule mmoja aliyelala kati ya watu wote waliosimama.

"Huyu ni nani?"

"Baba," nilisema.

Mzee mmoja akanong'ona kwamba kila kitu kiko sawa, hata ile njia ya panya ya kupitia mihogoni, na mtoto huyu angejuaje kama hakuona? Loo! Wao wenyewe ndio walionipa! Mzee yule yule alinihamishia ile njia kwa kidole chake siku ya Ijumaa. Lakini walikuwa wamesahau. Walikuja mmoja mmoja, kila mtu akatoa kipande chake akaenda, na sasa walipokiona kitu kizima wakadhani kimetoka kichwani mwangu.

"Mutoto hii aliona," baba mdogo Khamis alisema, na sauti ikamkatika, kwa sababu alikuwa anazungumza habari ya kaka yake. "Alikuwa kwa mugongo ya mama yake, alitazama nyuma. Mutoto anaweza kudanganya na mudomo. Na mikono hapana."

Haboba alitoka jikoni kama moto. "Mutu amelala, basi amekufa? Mimi nalala kila siku! Inueni yeye! Muinue mwanangu!" Lakini hakuna aliyethubutu kugusa, na yeye mwenyewe hakugusa. Alifahamu, kama sisi sote tulivyofahamu, msemo ule kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Maalimu alinivuta karibu kwa upole. Aliniuliza kama ninamwogopa Mungu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Hawa, ulimuona baba yako pale?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, anaangalia mikono yake. Nilimtazama Haboba, nikamtazama baba mdogo mwenye machozi. Tangu turudi kutoka Zaire hakuna aliyewahi kuningojea niseme jambo, na sasa watu wazima sita walikuwa wananingojea. Niwaambie ukweli? Nilitaka kusema ni mguu tu, udongo ulipasuka. Neno lilifika kwenye meno. Likaishia hapo. Nikainamisha kichwa, nikalia, na wakaelewa walivyotaka kuelewa. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu, na mimi ndiye niliyeupiga huo mshindo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Karama, ile karamu ya kumsomea marehemu, ilifanywa, mbuzi wawili wakachinjwa, Qurani ikasomwa, watu wakaja kutoka Koboko mpaka Koboko yote ikawa kama imehamia kwetu. Mzee Lemi alikaa na Waislamu akala wali kimya. Haboba hakuhudhuria. Alichukua jembe akaenda shambani, akalima tangu asubuhi mpaka wageni walipotawanyika, na aliporudi akabeba mtungi wa maji akaumwaga juu ya mlango wangu, taratibu, kuanzia kijitoni mpaka barabarani, ili pasitoke hukumu nyingine pale. Sikumzuia. Mama alijifunga shuka jeupe akaingia ndani miezi minne na siku kumi. Sahani juu ya kinu haikuwekwa tena, na asubuhi ya kwanza nilikwenda shule na njaa, nikaona ni adhabu ndogo mno.

Eda ilipokwisha tukahamia Arua kwa mjomba. Mama alishona, alinenepa kidogo, alianza hata kuimbaimba. Mimi ndiye niliyekuwa nangoja sasa. Nilimngoja baba, na nilimwogopa. Nilikuwa na uhakika kwamba siku moja atashuka kwenye lori pale stendi, kutoka Sudani au popote, mrefu vile vile, aulize njia, aambiwe tayari ameshasomewa kama marehemu, na nani alitoa ushahidi. Kila dereva mrefu niliyemwona nilijificha nyuma ya mtu. Wasichana wenzangu walinidhania nina maringo. Sikuwa na maringo, nilikuwa na siri, na siri ya mtoto haina pa kukaa isipokuwa kati yake na watu. Sikutengeneza kitu kwa udongo tena. Hata darasani walipotuambia tufinyange chungu, nilisema naumwa.

Miaka kumi ilipita hivyo. Nikaposwa na mwalimu wa shule ya msingi, mtu mtaratibu wa Dadamu, nikampenda. Ndoa ya Kiislamu inataka walii, yaani mwenye kumwoza binti, na walii wa binti ni baba yake. Akiwa amekufa ndipo anakaa mahali pake baba mdogo au baba mkubwa. Baba mdogo Khamis alituma salamu kwamba atakuja kukaa. Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Kama baba yu hai, Khamis atakaaje? Na kama Khamis hawezi kukaa, mimi nitakuwa nimeozwa na nani? Nilikonda, shangazi wakadhani ni haya ya bibi harusi.

Siku tano kabla ya nikaha, mimi na mama tulikuwa tunabangua karanga barazani kwa mjomba. Nikasema, na sikuinua macho.

"Mama, mimi sikuona kitu. Siku ile ya kijito. Yule baba wa udongo alianguka mwenyewe, mguu ulikuwa na ufa. Sikuona chochote. Niliogopa tu kusema."

Vidole vyake viliacha kubangua.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikuwa naona mgongo wako."

Halafu akasema, polepole sana, "Basi hapana mutu aliona."

"Hakuna."

"Hawa, yeye hapana anguka mwenyewe. Mimi ndio nililaza yeye." Akaisukuma sinia ya karanga kando. "Nilitoka kuswali alfajiri. Nikamuona amesimama pale peke yake, anangoja. Nikasema, huyu mutu atasimama mpaka lini? Nikamubeba mpaka karibu na kijito, mahali nilimungoja. Nikamulaza. Mguu yake ilivunjika kwa mukono yangu. Nilitaka kumusimamisha tena mbele hujaamka, lakini wewe ukatoka, na wazee wakafika."

Nilikasirika. Siwafichi. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, nikasema maneno ambayo mtoto hasemi kwa mama yake: kwamba alikaa pale kwenye mkeka akaniacha nibebe, mimi mtoto wa miaka kumi na miwili, miaka kumi najificha madereva, wakati neno lake moja tu lingetosha. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nilitaka kusema," alijibu. "Mudomo ilifunguka. Halafu Maalimu akakuuliza wewe, na wewe ukalia. Nikasema, Mungu wangu, kumbe mutoto aliona kweli. Kumbe nilimulaza mahali ya haki. Ndiyo nikapumuzika. Ndiyo nikaweza kulia."

Hasira yote ilinitoka kwa mara moja, na nilichokiona nyuma yake kilikuwa kibaya kuliko hasira. Mama alikaa eda kwa ajili ya machozi yangu. Alilala usingizi miaka kumi juu ya ushahidi wangu, na mimi, ili nipate wepesi wa moyo kabla ya harusi, nilikuwa nimeuondoa chini yake kwa sentensi tatu, barazani, na maganda ya karanga mapajani. Nilimwomba radhi. Nilisema labda niliona, labda nimesahau, homa ilikuwa kali. Akatikisa kichwa, akarudia kubangua.

"Khamis atakaa walii," alisema baadaye. "Mimi nimesema marehemu miaka kumi. Ulimi imezoea. Wewe olewa."

Sikuelewa siku ile alikuwa ananipa nini. Nimeelewa baada ya kuzaa wangu. Nilidhani tulikuwa watu wawili, mmoja mwenye kosa na mwingine aliyekosewa, kumbe tulikuwa tumeegemeana usiku na mchana kama fito mbili bila nguzo, kila mmoja akidhani mwenzake amefika ardhini. Angeweza kusimamisha ndoa yangu. Angeweza kurudi kungoja, na aanze na kuningojesha mimi. Alichagua kubeba peke yake, na safari hii akiwa anajua.

Siku ya nikaha wanaume walikaa chumba cha mbele, sisi wanawake nyuma ya pazia. Baba mdogo Khamis alikohoa, akatamka kwa sauti kubwa ili wote wasikie: namwoza Hawa, binti wa marehemu Rajabu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mle ndani tulikuwa wawili tu tuliojua kwamba neno lile, marehemu, halikuwa na shahidi nyuma yake. Mama aliinamia sikio langu, mimi nikidhani ataniombea dua, akaninong'oneza, "Bado namungoja."